Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa: tuonyesheni utabiri ulivyotimia, wilaya kwa wilaya

Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, salamu kutoka Kongwa, Dodoma.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Pamoja na kufundisha, nasimamia kipima mvua cha shule, na kwa sababu hiyo wazazi, ambao wengi wao ni wakulima, hunifuata kuniuliza habari za mvua. Nina ombi moja, nalo nalitaja mapema. Kila msimu wa mvua unapokwisha, na kila tahadhari inapomaliza muda wake, wekeni hadharani kile mlichotabiri na kile kilichotokea, viwe ubavu kwa ubavu, wilaya kwa wilaya, kwa Kiswahili ambacho mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kukisoma bila kusaidiwa.

Najua kazi ya kuhakiki utabiri inafanyika. Wataalamu wenu hukutana na wenzao wa nchi jirani katika jukwaa la utabiri wa msimu la Pembe ya Afrika, lililoanza mwaka 1998 na sasa linaratibiwa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda kilichoko Kenya. Humo, kabla ya kutoa utabiri mpya, hutazamwa kwanza ule wa msimu uliopita ulikwendaje. Hilo ni jambo la heshima. Lakini kinachotufikia sisi huku chini ni nambari moja: usahihi wa utabiri ni zaidi ya asilimia 80. Tunaisikia kwenye hotuba, tunaisoma magazetini, basi.

Mzazi akija kuniuliza matokeo ya mtoto wake, nikamjibu kwamba shule yetu imepata wastani wa 85, ataondoka bila kujua kama mwanawe amefaulu Hisabati au ameanguka. Nambari yenu ya nchi nzima ina kasoro hiyohiyo. Haimwambii mkulima wa Kongwa kama utabiri wa Kongwa una mashiko, wala haimwambii ni wa mwezi gani au wa jambo gani.

Kuna shida nyingine kubwa zaidi, nayo naomba niielezee kwa utulivu kwa sababu ndiyo kiini cha barua hii. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba mwishoni au Desemba, inakatika Aprili. Kuanzia Juni hadi Septemba hainyeshi kabisa, na kila mtoto analijua hilo. Kwa mwaka mzima, siku ambazo kituo cha Dodoma hupata mvua ya milimita moja au zaidi hazifiki 70. Sasa chukua mtu asiyejua chochote kuhusu anga. Hana setilaiti, hana rada, hana kompyuta. Kila jioni aseme neno lilelile: "Kesho hakuna mvua." Mwisho wa mwaka atakuwa amepatia zaidi ya asilimia 80, na hajamsaidia mtu hata mmoja, maana katika siku zile chache ambazo mkulima alihitaji kuambiwa, yeye alikosea zote.

Sisemi kwamba hivyo ndivyo mnavyokokotoa. Nasema kwamba nambari moja haiwezi kututofautishia mtaalamu mwenye ujuzi na mtu huyo wa "kesho hakuna mvua". Mpaka mtuonyeshe hesabu ndani yake, hatuna namna ya kujua.

Jambo hili lina historia, na historia yake ni nzuri kufundishia. Mwaka 1884 huko Marekani, sajenti mmoja wa jeshi, John Park Finley, alitangaza matokeo ya majaribio yake ya kutabiri tonado, zile nguzo za upepo unaozunguka na kung'oa nyumba. Alikuwa ametoa utabiri 2,803. Alisema amepatia kwa zaidi ya asilimia 96. Watu wakastaajabu. Halafu mwanajiolojia Grove Karl Gilbert na wengine wakakaa na hesabu zile. Wakaona kwamba Finley alitabiri tonado mara 100, zikatokea mara 28 tu; nyingine 72 zilikuwa tahadhari zisizotimia. Tonado nyingine 23 zilitokea yeye akiwa amesema hazitakuwapo. Zilizobaki 2,680 zilikuwa siku na maeneo ambayo hakusema kitu na hakukutokea kitu. Kwa hiyo mtu ambaye angesema "hakuna tonado" siku zote, bila kufikiri, angepata asilimia 98, akampita Finley. Na bado Finley alikuwa na ujuzi wa kweli: kubashiri tonado 28 katika miaka ile si kitu cha kubeza. Ila ujuzi wake ulikuwa umefunikwa na nambari isiyofaa.

Tangu hapo wataalamu wa fani yenu wanajua kwamba utabiri wa "itanyesha au haitanyesha" una visanduku vinne. Mlisema itanyesha, ikanyesha. Mlisema itanyesha, haikunyesha. Hamkusema, ikanyesha. Hamkusema, na haikunyesha. Kile cha nne ndicho kinachojaza asilimia wakati wa kiangazi, na ndicho kisichotusaidia. Tupeni vile vitatu vya kwanza. Kwa kila wilaya yenye kituo cha kupimia, tuambieni: katika siku zilizonyesha mvua kubwa msimu huu, ni ngapi mlizitaja kabla? Na katika siku mlizozitaja, ni ngapi zilinyesha kweli? Maswali hayo mawili yanatosha kumfanya mtu wa kawaida ajue ni lini ayaamini maneno yenu kwa moyo wote na ni lini ayachukue kwa hadhari.

Sitaki kusema kazi hii ni rahisi kama inavyoonekana. Nimeona ugumu wake kwenye kile kipima mvua cha shule. Wanafunzi wa zamu hukisoma kila siku saa tatu asubuhi. Wanamimina maji kwenye bilauri ya kupimia, wanaiweka juu ya meza iliyo sawa, wanainama mpaka macho yalingane na maji, wanasoma sehemu ya chini ya ule mbonyeo wa maji, wanaandika. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba ya shamba, na wakishalijua hilo hawalisahau. Lakini utabiri wenu wa kila siku ni wa saa 24 kuanzia saa tatu usiku. Mvua ikinyesha Jumatatu saa nne usiku, na nyingine ikanyesha Jumanne saa kumi alasiri, zote mbili ni za utabiri uleule uliotangazwa Jumatatu jioni. Kwenye daftari letu, ya kwanza inasomwa Jumanne asubuhi na ya pili inasomwa Jumatano asubuhi. Ukilinganisha bila uangalifu utasema utabiri umekosea, kumbe ni daftari na redio havihesabu siku kwa namna moja. Wanafunzi wangu waligombana juu ya hili kipindi kizima, na nadhani hicho ndicho kipindi walichojifunza zaidi kuhusu hali ya hewa.

Tena mvua ya hapa hunyesha kwa vipande. Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, barabara inaweza kujaa maji huku Kongwa mjini vumbi linatimka. Kipima mvua kimoja hakiwezi kuisemea wilaya nzima. Kwa hiyo ninaposoma kwamba mikoa ya Dodoma na Singida itakuwa na "hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua", naelewa kwa nini mnaandika hivyo. Anga ya mawingu ya mvua za ngurumo haikubali kusemwa kwa uhakika zaidi. Lakini sentensi hiyo haiwezi kukosea. Ikinyesha popote katika mikoa miwili, imetimia. Isiponyesha, maeneo machache hayo huenda yalikuwa mahali pasipo na kipimo. Utabiri usioweza kukosea hauwezi pia kuhakikiwa, na usiohakikiwa hauwezi kuboreshwa.

Mnaweza kuusema kwa uwezekano. Semeni: kesho, uwezekano wa mvua ndani ya wilaya hii ni asilimia 30. Kama siku moja mliyoipa asilimia 30 ikinyesha, hamjakosea. Isiponyesha, hamjakosea pia. Mtapimwa kwa siku zote za asilimia 30 zikikusanywa pamoja: karibu siku tatu katika kila kumi ziwe zimenyesha. Zikinyesha saba, basi mlikuwa waoga. Isiponyesha hata moja, mlikuwa mnatisha watu. Tangu mwaka 1950, mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier alipochapisha njia yake ya kupima utabiri wa namna hii, hakuna kilicho kigumu katika hesabu yake; mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anaiweza. Kwenye tahadhari zenu tayari mnaandika "uwezekano wa kutokea: wastani" na "kiwango cha athari: wastani". Ni mwanzo mzuri sana. Kilichobaki ni kutuambia wastani huo ni asilimia ngapi, kisha baada ya mwaka mtuonyeshe tahadhari zote za "wastani" zilitimia mara ngapi.

Nije kwenye utabiri wa msimu, kwa sababu huo ndio wenye fedha za watu ndani yake.

Mkulima wa hapa anapoamua alime mahindi au mtama, anaamua Oktoba, wakati mbingu ziko tupu. Mahindi yana soko pale Kibaigwa, ila yanataka mvua isiyokatika. Mtama na uwele huvumilia jua la katikati ya msimu, lile linaloingia Januari au Februari na kukausha kila kitu. Akinunua mbegu ya mahindi, akalipa trekta, mvua ya kwanza ikaja ikampa matumaini, kisha ikakatika wiki tatu, mbegu imeoza au imekauka na fedha za kurudia hana. Hapo hakuna bima wala mkopo. Kuna kuuza mbuzi.

Utabiri wenu wa msimu humpa mambo mawili: kiasi cha mvua, na wiki ambayo mvua itaanza. Kiasi hutajwa kwa makundi matatu. Kwa kipimo chenu, mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 za wastani wa muda mrefu. Juu ya hapo ni juu ya wastani, chini ya hapo ni chini ya wastani. Sawa. Lakini mara nyingi mkoa unapewa makundi mawili kwa pamoja: "wastani hadi juu ya wastani", au "wastani hadi chini ya wastani". Tafakarini maana yake. Anayeambiwa "wastani hadi chini ya wastani" ameambiwa kwamba mvua itakuwa chochote kuanzia sifuri hadi asilimia 125. Katika visanduku vitatu, viwili vimeshafunikwa. Utabiri wa namna hiyo utatimia miaka mingi hata kama umetolewa kwa kupiga ramli. Mkiuhesabu kuwa sahihi kwa uzito uleule wa utabiri uliotaja kundi moja, asilimia itapanda bila ujuzi kupanda. Gaweni uwezekano kama mnavyofanya kule kwenye jukwaa la kanda: kwa mfano 45 juu ya wastani, 35 wastani, 20 chini. Wakulima wanaelewa uwezekano kuliko wanavyodhaniwa. Wanauishi.

Wiki ya kuanza kwa mvua ni rahisi zaidi kuhakiki, na kwa mkulima ina thamani kubwa kuliko kiasi. Mlisema wiki ya kwanza ya Desemba. Ilianza wiki ya tatu. Tofauti ni wiki mbili. Basi. Kila wilaya iandikwe hivyo, msimu baada ya msimu. Mama mmoja mwenye mtoto kidato cha pili alinijia mwanzoni mwa kilimo akaniuliza: "Mwalimu, mwaka jana walisema mvua itaanza lini? Na ilianza lini?" Jibu la swali la pili lilikuwa kwenye daftari la kipima mvua. La kwanza tulilitafuta kwenye taarifa yenu ya msimu, tukalipata. Tukayaandika mawili hayo kwenye karatasi moja, akaikunja, akaenda nayo nyumbani kumwonyesha mumewe. Karatasi ile ndiyo ninayoiombea nchi nzima.

Na kuna jambo mnalolijua vizuri ambalo wananchi hawajaambiwa kwa uwazi: misimu haitabiriki kwa kiwango kimoja. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, zimefungamana sana na joto la bahari, El Niño upande wa Pasifiki na ile hali ya magharibi ya Bahari ya Hindi kuwa na joto kuliko mashariki. Ndiyo sababu vuli za 1997, 2019 na 2023 zilifurika, na ndiyo sababu mlipotangaza Agosti 2023 kwamba vuli itakuwa juu ya wastani, ikawa. Masika ni habari nyingine. Machi hadi Mei bahari haitoi ishara kali kama hiyo, na utabiri wake wa miezi mitatu ni mgumu duniani kote, kwa kila kituo, si kwenu pekee. Sisi wa katikati ya nchi tuko mahali pagumu kwa namna yake: El Niño inapoleta mvua nyingi kaskazini mwa Afrika Mashariki, huelekea kuleta ukame kusini mwa bara, na Dodoma iko kwenye mpaka wa tabia hizo mbili. Kwa hiyo mkulima wa Tanga anapaswa kujua kwamba maneno yenu ya Oktoba yana nguvu kuliko maneno yenu ya Machi, na mkulima wa Kongwa anapaswa kujua kwamba kwake hata El Niño haisemi kitu kwa uhakika. Mkizichapisha rekodi za uhakiki, tofauti hii itajionyesha yenyewe na hamtahitaji semina ya kuieleza.

Kongwa tunajua gharama ya kuanza jambo kubwa bila kuuhoji vizuri udongo na mvua. Hapa ndipo Waingereza walipoanzisha mpango wao wa karanga mwaka 1947. Walileta matrekta na reli, wakafyeka pori. Mvua haikuja walivyotaka, na udongo wa hapa ukikauka unakuwa mgumu hata jembe la trekta linagoma. Mwaka 1951 wakaachana nao, hasara ikafika takriban pauni milioni 36. Hao walikuwa na serikali ya kuwalipia. Mkulima wa leo akikosea, anayemlipia ni watoto wake.

Sasa tahadhari za hali mbaya. Vimbunga ni nadra kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako nguvu ya mzunguko wa dunia inayovifanya vijizungushe ni ndogo. Lakini si kwamba haviji: Zanzibar ilipigwa mwaka 1872, Lindi mwaka 1952. Aprili 2019 tuliambiwa Kimbunga Kenneth kinaikaribia Mtwara. Watu walihamishwa, shule zikafungwa, kisha kikaingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, na kufanya maangamizi makubwa huko. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilielekea pwani yetu na kudhoofika kabla ya kutua. Mei 2024 kikaja Hidaya, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, kikafika Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya kusini pale Somanga.

Kwa maoni yangu, katika matukio yote matatu mlifanya sahihi kutoa tahadhari. Kimbunga kilichopita kusini mwa mpaka si uongo wa mtabiri. Lakini nakumbuka maneno ya mitaani baada ya Jobo, utani mwingi, "mlitukimbiza bure". Utani ule unaua, kwa sababu mtu aliyecheka mwaka 2021 anaweza kugoma kuhama siku nyingine. Dawa yake ni maelezo ya baadaye, si ukimya. Wiki moja baada ya kila tahadhari, toeni ukurasa mmoja: tulisema kitakuwa hapa, kikawa pale, umbali ni kilomita kadhaa; tulisema upepo huu, ukawa huu; kilidhoofika kwa sababu hii. Kituo cha Vimbunga cha Marekani kilichoko Miami huchapisha kila mwaka ripoti ya makosa yake yenyewe: umbali kati ya mahali kiliposema kimbunga kitakuwa na mahali kilipokuwa, kwa saa 24, 48, 72 na kuendelea. Yeyote anaweza kuona makosa hayo yakipungua mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyekiita kituo hicho kibovu kwa kuyaandika. Kinaaminika kwa sababu kinayaandika.

Kuna na upande ambao usahihi peke yake haugusi. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliiangukia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu wengi. Utabiri wa msimu ulikuwa umesema mvua kubwa, na mvua kubwa ikaja. Mtaalamu Allan Murphy aliandika mwaka 1993 kwamba ubora wa utabiri ni kitu kimoja na faida yake kwa anayeupokea ni kitu kingine, na Hanang inatuonyesha umbali kati ya viwili hivyo. Kwa hiyo uhakiki ninaouomba uulize pia: tahadhari ilimfikia nani, kwa njia gani, akafanya nini? Maafisa watendaji wa kata na wenyeviti wa vijiji wana majibu hayo. Hawajaulizwa kwa utaratibu.

Huenda mtasema vituo ni vichache. Ni kweli. Lakini Mamlaka tayari inaunganisha vipimo vya vituo na makadirio ya setilaiti kwa ramani za mvua za nchi nzima, na serikali imeweka fedha nyingi kwenye rada, Dar es Salaam, Mwanza, Mtwara na kwingineko. Pasipo na kituo, tumieni ramani hizo, mkisema wazi kwamba ni makadirio. Na tumieni shule. Kata nyingi zina shule ya sekondari, kila shule ina mwalimu wa Jiografia na mtaala unaomtaka afundishe vipimo vya hali ya hewa. Kipima mvua si kifaa cha gharama kubwa. Tupeni vifaa vilivyosanifiwa, tupeni mafunzo ya siku mbili, mtukague. Tutawaletea takwimu kila siku saa tatu na robo asubuhi kwa ujumbe wa simu.

Na huenda yupo atakayesema kwamba wananchi wakiona makosa wataacha kusikiliza. Mimi naona kinyume chake. Wakulima wanayaona makosa tayari. Wanasimama ndani yake na jembe mkononi. Wasichokiona ni mara zile nyingi mlizopatia, kwa sababu mvua ikija kama ilivyosemwa hakuna anayekumbuka kwamba ilisemwa. Wazee wetu wanaotazama maua ya miti, mchwa na upepo wa jioni nao wanakumbukwa kwa walichopatia tu. Rekodi ya wazi itawatendea haki ninyi na wao. Hata utabiri wa asili ungefaa uandikwe kabla na kupimwa baada, kwa daftari lilelile.

Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 2019 iliyoifanya Mamlaka kuwa Mamlaka imeikabidhi jukumu la kutoa tahadhari za hali ya hewa nchini. Sikatai, tahadhari zikitoka kila kona patakuwa na vurugu. Lakini anayepewa sauti peke yake anabeba wajibu mkubwa zaidi wa kutoa hesabu ya alichokisema.

Naomba tuanze na msimu ujao, tena kidogo. Chagueni wilaya chache zenye hali tofauti: Kongwa kwa ukanda wa kati, Ukerewe kwa ajili ya wavuvi wa ziwani, Mafia kwa pwani, Lushoto kwa milima, Same kwa wenye vuli na masika. Kwa kila moja, andaeni ukurasa mmoja wenye tarehe ya kuanza iliyotabiriwa na iliyotokea, kiasi kilichotabiriwa na kilichopimwa, na orodha ya tahadhari zote pamoja na kilichofuata. Ubandikwe kwenye ofisi ya kata, usomwe kwenye redio za jamii kabla ya utabiri mpya kutangazwa, na faili la takwimu liwekwe mtandaoni ili vyuo na walimu wakague hesabu. Mwaka wa pili ongezeni wilaya nyingine.

Madaftari ya kipima mvua cha shule yetu yapo, yameandikwa kwa mikono ya wanafunzi wa vidato mbalimbali, na yana kasoro zake hapa na pale ambazo tumeziwekea alama kwa kalamu nyekundu. Mtaalamu wenu akija Kongwa siku yoyote ya kazi, tutayaweka mezani na kuyapitia naye ukurasa kwa ukurasa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
Kongwa, Dodoma.